Picha kubwa ya kamera kwenye karatasi ya A4: ni lazima kuipunguza kwanza au kijana wa steshenari ananipiga chenga?

#1 Mjukuu wa Pangani
Wakuu habari za jioni.

Nina picha ya bibi yangu, ilipigwa kwa kamera ya kuazima siku ya maulidi ya familia. Kakaa kibarazani, kanga moja kajitanda, nyingine kajifunga kiunoni. Faili ni pikseli 4000 kwa 6000, MB 11 na ushee. Nyumbani nina printa ya matangi, rangi nne, na nimenunua pakiti ya karatasi za picha A4, zipo ishirini.

Mara ya kwanza nimeprinti vile vile ilivyotoka kwenye kadi. Printa ikakaa kama dakika mbili inawaza, ndipo ikaanza. Uso umetoka safi, mikunjo yote ipo. Ila kanga imeharibika. Vile vidoa vidogo vya kwenye pindo vimegeuka mawimbi, utadhani mto Pangani wenyewe.

Nikamfuata kijana wa steshenari. Akasema picha kubwa sana inaichanganya printa, ipunguze iwe saizi ya A4. Nimepunguza. Mawimbi kweli yameisha. Lakini sasa jina la kanga limekatwa katikati ya herufi, na uso umelainika kama kapakwa poda.

Sasa kupunguza ni lazima au si lazima? Karatasi zimebaki kumi na nane.

#2 Siti ya Mbele
Nimekaa. Wajuzi wakija mniamshe.

#3 Fundi Wino
Kijana yuko sahihi mkuu, usimseme. A4 ni inchi 8.27 kwa 11.69. Ukizidisha kwa 300, yaani pikseli za kila inchi kwa printi safi, unapata pikseli 2480 kwa 3508. Basi, hiyo ndiyo picha yako. Wewe umeipelekea printa pikseli milioni 24 wakati inahitaji milioni 8.7. Karibu theluthi mbili ni mzigo wa kutupa, na mtupaji akiwa printa anatupa ovyo. Ndiyo hayo mawimbi.

#4 Bwana Kadi
Napingana na #3. Printa haipokei picha yako kama ilivyo. Draiva, ile programu ya kuendesha printa ndani ya kompyuta, inaipima upya kwanza, iwe kubwa iwe ndogo, halafu ndiyo inapeleka. Picha yake kwenye upana wa A4 inatoa pikseli 484 kwa inchi, hiyo ni neema, siyo tatizo. Mimi miaka yote naprinti moja kwa moja kutoka kwenye kamera na sijawahi kuona wimbi. Ukipunguza mwenyewe unatupa ubora kwa mkono wako.

Dakika mbili za kuwaza ni kompyuta kuandaa kazi. Faili la MB 11 ni JPEG iliyobanwa. Ikifunguliwa, pikseli milioni 24 mara rangi tatu ni MB 72 hivi. Laptopu ya zamani lazima ihangaike.

#5 Dada wa Raskazone
Jamani kabla hamjaanza kupigana na hesabu, hiyo picha haijapita WhatsApp kweli? Maana hapa kwetu kila picha "mbaya" ukiifuatilia unakuta imetumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ikashushwa mpaka pikseli kama 1600 upande mrefu. Hapo ukiprinti A4 unapata 137 kwa inchi, lazima iwe ukungu. Atumaye aitume kama dokumenti, ifike nzima.

#6 Mjukuu wa Pangani
Haijapita dada. Nimeitoa kwenye kadi kwa mkono wangu, na upana umeandikwa 4000.

#7 Mpwa wa Chumbageni
Hilo jina la kanga linasemaje? Tusije tukawa tunasaidia kanga ya mipasho.

#8 Mjukuu wa Pangani
"Wema hauozi." Kwenye printi yangu zimebaki nusu za juu za herufi.

#9 Mpwa wa Chumbageni
Basi umeoza nusu 😂

#10 Mama Fremu
Nimecheka, ila la kukatwa mimi nalijua, maana nauza fremu. Halihusu ubora wala megapikseli. Ni umbo.

Picha za kamera nyingi ni 2 kwa 3. A4 siyo 2 kwa 3. A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukitaka picha ijae upana wa 210, urefu wake unadai 315, karatasi inazo 297. Milimita 18 hazina pa kukaa: tisa zinakatwa juu, tisa chini. Wema wa bibi ulikuwa ndani ya hizo tisa za chini. Fundi Wino kakupa 2480 kwa 3508 bila kukuambia kwamba picha yako haifiki hapo bila kukatwa au kuvutwa. (Ukiivuta, bibi anakuwa mnene. Nimeletewa za hivyo, mteja anauliza mbona mama kanenepa.)

Dawa: acha urefu uwe 297, upana utakuwa 198, ubaki na weupe wa milimita 6 kila upande. Weupe unaingia chini ya fremu, nani atauona? Na usichague kuprinti bila mipaka, kwa sababu hapo draiva huikuza picha kidogo ili isiache ukingo mweupe, na inakula zaidi pembeni.

Ukiprinti kwa kile kidirisha cha picha cha Windows, kuna kisanduku cha kujaza fremu. Kinakuja na tiki tangu mwanzo. Kitoe.

#11 Fundi Wino
Nakubali kuhusu umbo, nilisahau. Kuhusu mawimbi nabaki pale pale.

#12 Nyanda za Juu
Wakuu, mbona mnasema 300 wakati printa yangu kwenye boksi imeandikwa 5760 kwa 1440? Si ina maana picha iwe na pikseli 5760 kila inchi? Sasa A4 nitapata wapi kamera ya hivyo?

#13 Bwana Kadi
Hakuna kamera ya hivyo mkuu. Hizo 5760 ni matone ya wino, siyo pikseli. Printa ina rangi nne tu: nyeusi, njano, ile bluu ya anga na ile nyekundu ya pinki. Haina kahawia. Kutengeneza pikseli moja ya rangi ya ngozi ya bibi lazima inyunyize matone mengi ya rangi tofauti yakae karibu karibu, jicho liyachanganye. Kwa hiyo matone ni maelfu, pikseli ni mamia.

Ukitaka kuthibitisha, chukua kioo cha kukuzia utazame shavu. Utaona vidoa, siyo kahawia.

#14 Mzee wa Chumba cha Giza
Vijana, salaam.

Mimi nilianza na filamu, taa nyekundu na ndoo za dawa. Karatasi ilikuwa ghali, hatukuwa tunamwaga kama mnavyofanya. Tulikata kipande chembamba, tunakiweka pale penye uso, tunakipima mwanga wa sekunde kadhaa kwa hatua, ndipo tunatoa nzima.

Mleta mada, una karatasi kumi na nane na hoja tano humu. Kata karatasi moja vipande vinne. Kwenye kompyuta kata kile kipande cha picha chenye pindo na mkono tu, usikikuze wala kukipunguza, kibaki saizi ile ile kitakayokuwa nayo kwenye A4 nzima. Kimoja kiprinti kutoka faili kubwa, kimoja kutoka faili lililopunguzwa. Weka vyote viwili dirishani mchana, siyo chini ya taa.

Halafu uje utuambie. Haya mengine ni maneno.

#15 Dada wa Raskazone
Shikamoo mzee. Hii ya vipande naiba.

#16 Wa Kibokoni
Assalaam aleikum nyote. Mie niko Mombasa, studio ndogo, kazi yangu kubwa ni picha za vitambulisho. Hapo kupunguza si hiari. Picha za bahati nasibu ya viza ya Marekani zataka mraba, pikseli 600 kwa 600 mpaka 1200 kwa 1200, na faili lisizidi KB 240. Ukileta yako ya megapikseli 24 yakataliwa mlangoni. Lakini tazameni: inchi 2 mara 300 ndiyo hiyo 600. Kwa hivyo ile ndogo kabisa yatosha kuprinti inchi mbili bila wasiwasi.

Na zile za milimita 35 kwa 45, karatasi ya inchi 4 kwa 6 ukiilaza yaingia nane, nne kwa mbili. Wengi waweka sita kwa kuwa hawakuilaza. Hiyo ni faida mwaitupa.

Kuhusu mawimbi ya nduguyetu, mie nashuku nguo. Kitambaa chenye vidoa au mirabaraba myembamba hupigana na vitundu vya kunasia mwanga ndani ya kamera yenyewe. Bwana harusi akija na suti ya mistari midogo namwambia avue koti. Mawimbi yamo ndani ya faili toka kupigwa.

#17 Mjukuu wa Pangani
Kaka wa Kibokoni, nimefungua faili nikakuza mpaka asilimia 100, vidoa viko sawa kabisa, kimoja kimoja. Nikiipunguza ienee kwenye skrini, mawimbi yanatokea. Nikikuza yanapotea.

#18 Fundi Wino
Si nilisema! Hayamo kwenye faili. Yanazaliwa wakati wa kupunguza kizembe. Skrini inaokota pikseli moja inaruka mbili, vidoa vingine vinaokotwa vingine vinarukwa, unapata wimbi. Draiva yako inafanya hivyo hivyo. Programu nzuri haiokoti, inachanganya pikseli jirani kwa wastani, ndiyo maana ulipopunguza mwenyewe yakaisha.

#19 Bwana Kadi
Skrini siyo draiva. Umethibitisha skrini tu.

#20 Fundi Wino
Sawa wakili.

#21 Asiyefuta Kitu
Mimi niseme la kando lakini mlisikie. Mnaopunguza picha, mnahifadhi wapi? Mimi nilikuwa na picha ya harusi ya wazazi, niliiskani kwa siku nzima, pikseli kama 5000. Nikataka kuiweka Facebook, nikaipunguza mpaka 800, nikabonyeza kuhifadhi. Juu ya ile ile. Jina lile lile. Picha yenyewe ya karatasi ilirudishwa kwa shangazi na mvua ya mwaka ule ikaingia kwenye boksi lake.

Ninayo mpaka leo, pikseli 800. Ukiprinti inchi 4 kwa 6 unapata 133 kwa inchi. Uso wa baba ni kama wa mtu anayetazamwa nyuma ya chandarua.

Kabla ya kupunguza, nakili faili, ipe jina jingine, ndipo ufanye utundu wako.

#22 Mama Fremu
Pole sana ndugu yangu.

#23 Siti ya Mbele
Nimeamka. Pole mkuu #21. Hii naifanya leo leo.

#24 Dada wa Raskazone
Na uso kulainika hamjamjibu. Mimi nina mawili. Moja, programu iliyopunguza imehifadhi JPEG kwa ubora wa chini. JPEG inakata picha vigae vya pikseli 8 kwa 8, na ukiibana sana vitu vidogo kama vinyweleo na mikunjo ndivyo vinatupwa kwanza. Kila ukifungua na kuhifadhi tena unabana tena. Pili, aina ya karatasi kwenye setingi. Mleta mada, ulipoprinti ya pili ulichagua karatasi ya picha au iliachwa ya kawaida? Mimi nilihangaika mwezi mzima nikilaumu wino kumbe printa ilikuwa inadhani nimeweka karatasi ya fotokopi.

#25 Mjukuu wa Pangani
Dada... ya pili nadhani iliachwa ya kawaida. Ya kwanza nilichagua ya picha. Sikukumbuka hilo kabisa.

#26 Bwana Kadi
Ndiyo hayo sasa. Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo halafu unataka tujue kipi kimefanya nini. Na inawezekana mawimbi yameisha kwa sababu hiyo hiyo! Setingi ya karatasi ya kawaida inapunguza wingi wa matone, vidoa vyote vimefifia pamoja na mawimbi yake.

#27 Fundi Wino
Aaa wapi. Hii sasa unatafuta.

#28 Mtu wa Laptopu
Nimesoma wote. Kwa wanaotaka njia: IrfanView ni programu ya picha ya bure, nyepesi, inakwenda hata kwenye laptopu ya mwaka 2010. Kwenye kidirisha cha kubadili saizi andika upande mmoja tu, ule mwingine uuache ujipange wenyewe ili umbo lisiharibike, na kati ya njia za kuchuja chagua Lanczos. Ukihifadhi, vuta kile kitelezi cha ubora mpaka 90 na kitu.

Wenye GIMP, programu nyingine ya picha, kwenye menyu ya picha kuna vitu viwili vinavyofanana majina na watu huvichanganya. Kimoja kinabadili saizi ya kuprinti: hakigusi pikseli hata moja, kinaandika tu kwamba picha hii itakaa inchi ngapi. Kingine kinapima picha upya: hicho ndicho kinachotupa au kuongeza pikseli. Ukiona mtu anasema "niliibadilisha kutoka 72 kwenda 300 na haikubadilika kitu", alitumia cha kwanza. Ile 72 ni lebo tu, kama bei iliyobandikwa kwenye kitenge. Ukibadilisha lebo kitenge hakirefuki.

Na baada ya kupunguza, kaza makali kidogo. Picha yoyote ikipunguzwa inalainika. Huenda poda ya bibi ni hiyo tu, siyo JPEG wala karatasi.

#29 Nyanda za Juu
Sasa nimeelewa lebo. Asante mkuu. Ila kuna mtu aliniambia namba siyo 300 bali 360?

#30 Mtu wa Laptopu
Inategemea kampuni. Za Epson nyingi zinapiga hesabu kwa 360 au 720, za Canon kwa 300 au 600. Ukiipa printa namba yake halisi haihangaiki kubadilisha. Kwa A4 nzima ya 360 ni pikseli 2976 kwa 4209 hivi. Tofauti utaiona? Labda kwenye hivyo vidoa vya kanga, kwingine sidhani.

#31 Mama Fremu
Mnasahau itatazamwa wapi. Jicho zuri likiwa sentimita 30 kutoka kwenye karatasi linatenganisha vitu vya kama milimita 0.09, ndiyo hiyo 290 au 300 mnayoipigia kelele. Ukiitundika ukutani ukakaa kwenye kochi mita moja, 87 kwa inchi inatosha. Bango la barabarani ukilisogelea ni vidoa kama punje za mtama. Wateja wangu wanaleta picha za kawaida tu, wanatundika, wanafurahi. Anayesogeza pua ni mpiga picha.

#32 Wa Kibokoni
Na bibi mwenye miwani.

#33 Mpwa wa Chumbageni
Mimi najiuliza tu: kwa wino na karatasi mnazoharibu, si uende studio? Printa yangu ilikaa miezi mitatu bila kazi, hedi (kile kichwa cha kunyunyiza wino) imekauka, sasa ni meza ya kuwekea birika.

#34 Dada wa Raskazone
Printi hata kipande cha rangi zote mara moja kwa wiki haitakauka. Na studio nayo si dawa. Nimepeleka faili zuri sehemu moja nikarudishiwa watu wa rangi ya chungwa. Nyumbani angalau nikikosea najua nimekosea mimi.

#35 Siti ya Mbele
Je, ni kweli picha kubwa inakula wino zaidi?

#36 Bwana Kadi
Hapana. Wino unafuata ukubwa wa karatasi inayofunikwa, weusi wake na setingi za ubora. A4 ile ile, pikseli milioni 24 au 8, wino ni ule ule. Kinachoongezeka ni muda wa kusubiri, na umeme ukikatika katikati ndiyo basi.

#37 Mjukuu wa Pangani
Wakuu nimerudi, nimefanya ya mzee #14. Karatasi moja vipande vinne, setingi zote ya picha, ubora wa juu.

Kipande A, faili kubwa: mawimbi yapo, hafifu kuliko mwanzo.
Kipande B, iliyopunguzwa 300 kwa Lanczos, nimekaza kidogo: vidoa vizuri, mkono una mikunjo yake.
Kipande C, ya 360: sioni tofauti na B. Mke wangu anasema anaiona, ila hakunionyesha wapi.
Kipande D nimekigeuza upande usio wa kuprintia, hakikunyonya wino, nimejipaka rangi kidoleni.

Nikadhani Fundi Wino kashinda. Lakini nikatazama A vizuri dirishani, nikaona hata ukuta wa nyuma ya bibi, ambao hauna kidoa hata kimoja, una mistari myembamba iliyonyooka.

#38 Mzee wa Chumba cha Giza
Mistari iliyonyooka kufuata njia ya hedi ni printa. Nozeli, vile vitundu vya wino kwenye hedi, zimeziba au hedi haijalingana. Mawimbi yanayopinda kufuata mikunjo ya nguo ni picha. Wewe una yote mawili, yamepandiana. Toa karatasi ya kupima nozeli, tumia ya kawaida, usipoteze ya picha.

#39 Fundi Wino
Sasa kwa nini B haina mistari na imetoka kwenye hedi ile ile?

#40 Mzee wa Chumba cha Giza
Kipande cha B kina ukuta?

#41 Mjukuu wa Pangani
Hakina. Nilikata pindo na mkono tu 🙈

#42 Bwana Kadi
😂😂 Rudi kwa mkasi.

#43 Mtoto wa Mzee Saidi
Wakuu samahani naingilia. Nina picha ya marehemu mzee wangu, nimetumiwa WhatsApp, nataka A4 ya kuweka mezani kesho, msiba uko nyumbani. Nimejaribu kuikuza iwe 2480 kwa 3508 kama #3 alivyosema, imekuwa ukungu mtupu.

#44 Dada wa Raskazone
Pole sana mdogo wangu, Mungu amlaze pema. Kuikuza hakuongezi kitu, programu inabuni tu pikseli za katikati. Kwanza mpigie aliyekutumia, aitafute kwenye simu yake ile ya asili akutumie kama dokumenti. Ikiwa ameshaifuta, usilazimishe A4. Kama upande mrefu ni 1600, kwenye inchi 4 kwa 6 una 267 kwa inchi, itatoka safi kabisa. Mama Fremu atakwambia namna ya kuiweka.

#45 Mama Fremu
Pole mwanangu. Chukua fremu ya A4, kata karatasi nyeupe nzito iwe pembezoni, picha ya 4 kwa 6 ikae katikati, juu kidogo ya kati. Watu watadhani ndivyo ulivyotaka.

#46 Mjukuu wa Pangani
Pole ndugu. Uko mji gani? Kama ni Tanga njoo jioni hii, karatasi ninazo kumi na saba, na printa nimeshaisafisha nozeli.